Kisanduku cha Katikati

Peishan hakukalika asubuhi ile. Aliketi, akainuka, akachota maji ya moto, akayasahau mezani mpaka yakapoa.

Programu aliyoitunza ilikaa kwenye kompyuta ya hospitali moja ya Tainan. Kazi yake ilikuwa kuiagiza kompyuta ya jiko, lililokuwa orofa ya chini ya jengo hilohilo: mpikie fulani. Kila agizo lilikwenda na kifurushi chenye visanduku vinne: jina la mgonjwa, kitanda chake, chakula, na kitu asichokula. Baada ya kifungua kinywa, Peishan aliongeza cha tano, cha ulaini. Alikiongeza kwa ajili ya mama yake mdogo, Hsiu-yueh, aliyemlea tangu mdogo. Mama huyo alikuwa kalazwa humo, kavunjika nyonga, na meno ya bandia yamemchubua fizi. Kisanduku hicho akakiweka katikati, baada ya kitanda, maana hapo ndipo kilipopendeza.

"Dada Peishan, utatoboa sakafu," alimtania Bingwen, mwenzake. "Taa zote kijani. Na pakiti ipo." Akaonyesha kwa kidevu pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu ya mashine, ile mafundi huiweka kwa imani kwamba mashine zitatulia. "Muda wake haujaisha, wala hakuna mlafi aliyeifungua."

"Mlafi ni wewe."

"Mara moja tu! Tena nilinunua nyingine."

Peishan akacheka nusu. "Jikoni nao wameshaweka toleo jipya?"

"Jikoni ni Alhamisi. Si nilikwambia? Lakini mbona hawajalalamika."

Peishan akaigeukia skrini. Wangelalamikaje? Programu ya zamani ya jiko haisomi majina ya visanduku, inavihesabu tu. Cha tatu ni chakula, cha nne ni asichokula, basi. Leo cha tatu kilibeba ulaini, yaani neno "laini" alilowajazia wagonjwa wote kwa kuanzia, cha nne kikabeba chakula chenyewe, na kile cha asichokula kikabaki mkiani bila kufunguliwa.

Akampigia mpishi mkuu. "Mama Kao, mchana huu umepika nini?"

"Uji! Wote wameandikiwa "laini", basi wote uji! Nimeuliza hapa, hospitali nzima imeng'oka meno? Lakini mtamu, nimeutia uduvi."

Mama mdogo akionja uduvi, koo humfunga, pumzi haipiti.

"Zuia mikokoteni, Mama Kao! Yote!"

"Ya chini naizuia. Ya ghorofa ya nne imeshapanda, mwanangu."

Ghorofa ya nne ndiko alikolala mama mdogo. Akapiga wadini, simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Akampigia mama mdogo mwenyewe. Ikaita, ikaita.

"Mama mdogo, usile!"

"Nani kala? Kijiko ninacho, lakini namweleza jirani kwanza kwamba huu uji laini ni kazi ya mwanangu."

"Una uduvi! Ufunike. Mwambie nesi azuie kila sinia."

Halafu Peishan akaisikia sauti ileile iliyokuwa ikimwita kutoka uwanjani utotoni: "Wee binti! Rudisha masinia! Na wewe babu, tema!"

Babu alitema. Hakuwa na tatizo na uduvi, ila alinuna.

Peishan akakihamishia kisanduku chake mkiani, programu ya zamani ya jiko isikofikia, akamwomba Mama Kao amsomee kwa sauti kila agizo lililoingia. Wali wa mama mdogo ungebaki mgumu mpaka Alhamisi.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, alikuwa mlangoni na bakuli la tofu laini ya maharage ya soya, yenye maji matamu ya tangawizi. Akafunua kifuniko, akanusa.

"Mpe basi," akasema jirani. "Sifa zako tumezisikia."

"Mwache anuse," akasema mama mdogo.

Peishan akanusa tena.