Siku Aliyotajiwa Sayi

Mimi ndiye niliyemlea Sayi tangu mama yake afariki. Alikuwa na miaka mitatu, sasa ana tisa, na miaka yote hiyo tumelala mkeka mmoja. Basi niambieni, wifi yangu Recheli, aliyeolewa na kaka juzi tu, alipata wapi uwezo wa kumlaza kwa usiku mmoja?

Maana Sayi halali. Kaka Wilbroad akienda porini kurina asali, mtoto anabaki macho, anasikilizia baiskeli ya baba yake. Kila usiku ananiuliza, "Shangazi, baba anarudi lini?"

"Kesho, mwanangu."

Nyumbani kwetu hapa Kwihara, aliyeingia porini hatajiwi siku ya kurudi. Ukiitaja, umemfungia njia. Tunasema kesho tu. Na kila asubuhi Sayi anasinzia darasani.

Recheli katokea Ulyankulu, hayo hayajui. Sayi alipomuuliza, alimjibu huku anapepeta mchele: "Baba yako? Jumamosi ya wiki ijayo. Leo haji, kesho haji. Unakesha unamngoja nani? Kalale, macho yamekutoka kama bundi!"

Mtoto akacheka. Akalala chumbani kwa Recheli mpaka jogoo akawika. Siku tatu mfululizo. Asubuhi ya tatu nikasikia, "Shikamoo mama."

Mama! Mimi miaka sita ni shangazi. Siku hiyo nilisonga ugali mpaka mwiko ukavunjika.

"Wifi, una nguvu wewe," Recheli akanitania. "Atakayekuoa atakoma!"

Sikucheka. Jioni nikamkuta Sayi anaosha vyombo peke yake, nikamwambia taratibu kabisa: "Unajua huyo mama yako kamtajia baba siku? Mtu wa porini hatajiwi siku."

Sikuongeza neno. Halikuhitajika.

Usiku akarudi mkekani kwangu. Nikamkumbatia, nikasema moyoni, huyu wangu. Lakini kifua chake kilikuwa kinadunda kama cha kuku aliyekamatwa.

"Shangazi, nikiisahau hiyo siku, baba atapona?"

Akaanza kujisahaulisha. Ananong'ona Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumapili. Anarudia. Anairuka ile moja, anarudia tena. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikambeba, nikagonga mlango wa Recheli.

"Wifi, kuna nini?"

"Mtajie ile siku."

"Jumamosi," akasema, ananishangaa.

Sayi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, ananisubiri. Ulimi ulikuwa mzito, si kwa kumhofia kaka peke yake.

"Jumamosi," nikasema. "Hatarudi kabla ya Jumamosi. Na yale ya jioni nilikudanganya, mwanangu. Nilikuwa na wivu."

Recheli akarudi kitandani. Akasogea, akamwachia Sayi nafasi.

Nikarudi kwenye mkeka wangu. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilisikia pumzi za Sayi zilipoanza kwenda polepole. Roho iliniuma vilevile.