Bei ya Sakafu

Alhamisi asubuhi, Obaidul Sikder alikuwa mbele ya wanafunzi hamsini na wawili wa mwaka wa pili, jijini Dhaka, akiwafundisha misingi ya masoko ya mitaji. Soko la awali: kampuni inauza hisa mpya ipate mtaji. Soko la upili: wenye hisa wanauziana wao kwa wao. Somo hili amelifundisha miaka kumi na moja, hata kitabu hafungui.

“Bila soko la upili nani angenunua hisa?” aliwauliza. “Mtu anaingia kwa sababu anajua mlango wa kutokea upo.”

Lamisa, binti wa safu ya mbele asiyejua kunyamaza, akainua mkono. “Na mlango ukifungwa, Mwalimu?”

“Haufungwi. Kila kitu kina mnunuzi, shida ni bei tu.”

“Mbona baba yangu anasema hisa zake haziuziki hata kwa dua?”

Darasa zima likacheka. Obaidul naye akacheka, lakini moyoni aliona aibu, maana mganga hajigangi.

Mwaka juzi dada yake mkubwa, Shefali Apa, yaani Dada Shefali, aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yao, akamkabidhi fedha zote. “Msomi wetu ni wewe,” alimwambia. Msomi akamnunulia hisa elfu ishirini za kiwanda cha nyuzi. Soko lilipoanza kuporomoka, wakubwa wa soko wakapiga marufuku hisa yoyote kuuzwa chini ya bei ya siku ile, wakaiita bei ya sakafu. Ya Apa ilikuwa sitini na nne kwa taka, fedha ya Bangladesh. Eti wanamlinda mnyonge! Nani mwenye akili timamu atatoa sitini na nne kwa kitu anachokiona cha arobaini? Wanunuzi wakaenda zao, na bei ikabaki pale pale miezi kumi na minne. Ule wepesi wa kugeuza mali kuwa fedha taslimu, wachumi huuita ukwasi. Apa alikuwa na mali, ukwasi hana.

Kwa majuma matatu sasa, kila soko linapofunguliwa, Obaidul huweka hisa elfu nane tu ziuzwe, zitoshe kulipia upasuaji wa moyo wa mume wa Apa. Mbele yake kuna foleni ya hisa milioni tatu za wauzaji wengine. Upande wa wanunuzi, sifuri. Akiba yake mwenyewe imeishia kwenye dawa, na benki haitaki kuziona hisa hizo kama dhamana.

Alipotoka darasani tu, Apa akapiga simu.

“Khokon,” akamwita kwa jina la utotoni, “hospitali wanasema tusipolipa leo, nafasi ya Jumapili anapewa mwingine. Umeuza?”

“Bado, Apa.”

“Uza kwa arobaini.”

“Hairuhusiwi.”

“Basi thelathini. Mali yangu, nataka kuitupa mwenyewe.”

“Mtambo wa soko haupokei, Apa.”

“Sasa hiyo sakafu yenu inamlinda nani?”

Obaidul ana shahada mbili za mambo hayo hayo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mara akasikia simu inabadilisha mikono, na pumzi nzito ya mgonjwa mwenyewe, Dulabhai, shemeji yake.

“Shemeji, bei leo ngapi?”

“Sitini na nne, Dulabhai.”

“Haijashuka?”

“Haijashuka.”

“Alhamdulillahi. Watu wanalia mji mzima, za kwetu zimetulia. Sikiliza, Apa wako ametoka nje, asinisikie. Usiuze.”

“Dulabhai...”

“Nisikilize kwanza. Nina miaka sitini na moja, nipasuliwe ili iweje? Nile biriani miaka miwili zaidi? Laki kumi na mbili na ushei hizo, waachie wanangu. Nimeshawaambia hospitali wampe mwingine kitanda.”

Obaidul alifungua kinywa amwambie kwamba hizo laki kumi na mbili hazipo, kwamba hakuna mtu duniani aliyekubali kuzitoa. Akafikiria mzee yule atalala vipi leo akilijua hilo.

“Niahidi hutauza, shemeji.”

“Sitauza, Dulabhai,” akasema, na katika yote aliyowahi kuiahidi familia ile, hii ndiyo ahadi pekee aliyokuwa na uwezo wa kuitimiza.