Magadi ya Mara Mbili

Alhamisi asubuhi Nesi alifungua mlango wa nyuma, taulo begani, vazi la kuogelea mwilini, akatupa macho kwenye bwawa na roho ikampasuka. Maji yaliyokuwa ya buluu wiki nzima yalikuwa meupe. Meupe pe, kama maji ya kuoshea mchele! Alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyake mwenyewe asivione.

Na Jumamosi saa kumi alasiri dada yake mkubwa alikuwa anakuja kuaga. Jumapili angepanda ndege kwenda kuishi kwa mwanawe, na kwa umri wao, kuonana tena ilikuwa majaliwa. Dada huyo ndiye aliyemwopoa Nesi mtoni akiwa na miaka saba, na tangu siku hiyo akampiga marufuku kusogelea maji yanayopita magoti. Miaka hamsini na sita ya marufuku! Nesi alipostaafu hospitalini akaanza kujifunza kuogelea kimyakimya, na baada ya miezi mitano aliweza kuvuka bwawa lote, mita kumi, bila kugusa ukuta. Alitaka dada yake ashuhudie kwa macho yake kabla hajaondoka. Hilo tu.

Mwalimu wake alikuwa binti yake wa kumzaa, anayefundisha kuogelea shuleni. Binti mpole kwa kila jambo, ila kwenye maji hana mchezo.

"Mama, kule chini kuna kifuniko cha bomba. Nisipokiona nikiwa nimesimama hapa juu, haogelei mtu. Mtu akizama kwenye uji huu tutamtafuta kwa kupapasa."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Nesi akakimbilia kipimo cha asidi. Alijaza maji kwenye kichupa, akatia matone matano, akatikisa. Rangi ikawa zambarau iliyoiva, kupita hata rangi ya mwisho kwenye kadi ya kulinganishia.

"Haiwezekani! Jana asubuhi ilikuwa njano, maji yana asidi. Nikatia magadi vikombe viwili kuipunguza, nimepima kwa mkono wangu!"

Mezani pale barazani, mumewe, aliyepika hotelini miaka thelathini na ambaye mtaa mzima humwita Shefu, akasukuma kikombe chake cha chai na kuinuka taratibu.

"Unakwenda wapi, baba watoto?"

"Kuangalia geti."

"Geti limefanya nini?"

Shefu akakaa tena. Ikabidi aseme. Jana jioni alikuta kichupa cha kipimo kimeachwa ukingoni, bado cha njano, akajua mkewe amepima akasahau kutia dawa. Basi na yeye akatia magadi.

"Vikombe vingapi?"

"Vikombe vya nini? Nilitia kwa kiganja."

"Viganja vingapi, mume wangu?"

"Mimi huwa sihesabu. Natia mpaka mkono unaniambia basi."

Binti alishika kichwa. Nesi alitaka kufoka, lakini kicheko kikamtoka kabla ya neno. Miaka thelathini na minane ya ndoa, mchuzi wa nyumba hii umetiwa chumvi mara mbili mara ngapi? Mmoja akitia, mwingine huja nyuma yake kurekebisha, na hakuna anayeuliza. Sasa na bwawa wamelitia mara mbili! Magadi yamezidi, chokaa iliyokuwa imeyeyuka imejitokeza kama vumbi, na klorini imelegea haina kazi.

"Kuanzia sasa dawa inatiwa na mtu mmoja," Nesi akatangaza. "Mimi. Na wewe, Shefu, mikono mfukoni."

Alivaa glavu na miwani. Alijaza ndoo maji kwanza, ndipo akamimina asidi juu yake, mililita mia tatu, wala tone moja zaidi, akaizungusha bwawani polepole huku pampu ikinguruma. Saa nne baadaye akapima: waridi. Akatia mia tatu nyingine. Jioni matone yakatoa rangi ya chungwa jekundu, ile ile ya katikati ya kadi, akapiga kigelegele peke yake.

Ijumaa chujio la mchanga lilioshwa mara tatu, likitapika maji meupe kwenye mfereji. Shefu alizunguka bwawa mikono mfukoni, akiteseka waziwazi. Jumamosi saa sita mchana binti akasimama ukingoni, akainama, akakodolea macho sakafu ya bwawa.

"Nakiona," alisema. "Na skrubu zake nne naziona!"

Walirukaruka pale ukingoni wote watatu kama watoto.

Saa kumi dada akafika, akapewa kiti. Alipomwona mdogo wake akitoka ndani na vazi lile, akashtuka. "We! Unakwenda wapi?"

"Kaa uangalie, dada."

Nesi akapiga moyo konde, akasukuma ukuta kwa miguu. Mkono, mkono, pumzi. Chini yake kila kigae kilionekana. Moyo ulimdunda kwa furaha zaidi kuliko kwa kazi, na mara vidole vikagonga ukuta wa pili.

"Dada! Nimefika!"

Dada alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mikono yote miwili juu yake.

"Shemeji," alimwuliza Shefu kutoka humo ndani, "yu hai?"

"Yu hai. Amevuka."

Mtandio ukashuka. Dada alimtazama mdogo wake aliyesimama upande wa pili, maji yakimtiririka, anacheka. Akafuta machozi, akakivuta kiti mpaka ukingoni kabisa.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Rudi ulikotoka. Safari hii sifumbi macho."