Kata ya Asubuhi

Kambi Tsuma alianza kugema Mariakani ikiwa na maduka ya kuhesabika kwa vidole, na kama kuna jambo alilokuwa na hakika nalo duniani, ni kwamba tembo la asubuhi halina neno. Hilo si ulevi, bwana. Limeshushwa mtini sasa hivi, bado tamu, mtoto analinywa na kwenda zake shule. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na baba yake, na baba yake hakuwa mwongo, ingawa mlevi alikuwa.

Alizikumbuka vizuri asubuhi zile. Baba akishuka kwa vidato vya mnazi ule wa nyuma ya nyumba, kibuyu kiunoni, na yeye Kambi, kabwana ka miaka saba, akimngoja chini na kata ya kifuu mkononi. Baba alimmiminia kidogo, povu likitoka, pengine na nyuki aliyezama humo. "Onja, uniambie." Kambi akaonja, akakunja uso kama mzee wa kaya, akatoa hukumu: "La leo zuri." Hapo baba alicheka. Mchana kutwa hakucheka tena, na jioni hakuna aliyetaka kumkaribia. Ile ndiyo saa pekee Kambi aliyokuwa na baba, na mpaka leo, akiwa na miaka sitini na saba, moyo humuuma kwa kuitamani.

Ndiyo maana alipoachiwa mjukuu wake amlee, kwa kuwa binti yake Mapenzi alikuwa akifanya kazi hotelini Malindi, alimpa kata ileile. Mtoto alirithi jina la mamake Kambi, Kahaso, basi mzee akamwita "mayo", yaani mama, akawa anamwonjesha kila asubuhi na kumsikiliza akitoa hukumu.

Sasa Kahaso alikuwa na miaka kumi na mitano, na mwezi wa pili mwalimu alimkuta nyuma ya maktaba na wenzake wawili, chupa ya soda imejaa tembo, macho yamelegea. Alirudishwa nyumbani wiki mbili. Akirudia, mwalimu mkuu alisema, asirudi tena. Kambi alifoka mpaka kuku wakakimbia. Aliwalaumu vijana wa bodaboda, akawalaumu madereva wa malori, akailaumu na simu.

Jumamosi hiyo Harusi, mhudumu wa afya wa kijiji, aliwaita wazazi na vijana kanisani. Wazazi wakakaa huku, vijana kule. Gerishom, mwenye mangwe ambamo nusu ya wanaume wa kijiji hunywea mnazi, aliinuka wa kwanza, kifua mbele.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema.

"Shikamoo mzee," kijana mmoja alijibu. "Sisi samaki tulikunjwa kwako, tulipotumwa na baba zetu tukiwa na madumu."

Kanisa zima likaangua kicheko, Gerishom akakaa. Harusi hakucheka. Aliwagawia vijana vipande vya karatasi, waandike ni nani aliyewapa tembo mara ya kwanza, bila kutaja majina yao. Kambi akakaa vizuri kungoja malori yatajwe.

Harusi akasoma. "Baba. Alinituma mangwe, nikaonja njiani." "Shangazi, kwenye matanga." "Baba mdogo, siku ya mahari." Kicheko kikakauka. Kisha akafungua kipande kingine. "Tsawe, babu yangu. Kwa kata, asubuhi, chini ya mnazi. Huniuliza la leo likoje. Hiyo ndiyo saa ninayojua napendwa."

Kambi alitaka kusimama aseme tembo la asubuhi halina neno. Lakini nyuma ya kile kicheko cha baba palikuwa na jambo alilozoea kuliruka. Watu aliwaambia aliacha shule ili amuuguze baba. Uongo. Aliacha kwa sababu akiwa darasa la saba alikuwa hawezi tena kuimaliza asubuhi bila kata ya pili, na ya tatu.

Akasimama. "Tsawe huyo ni mimi," alisema. "Na mimi nilianzishwa hivyohivyo."

Siku hiyo walikubaliana kwamba hakuna mtoto atakayetumwa mangwe tena, na Gerishom akaapa kumrudisha yeyote atakayekuja na dumu. Zamu ya kukaa njiani, kumzuia mtoto yeyote mwenye dumu, waliichukua vijana wenyewe.

Jumatatu Kahaso alikuja chini ya mnazi, mikono mitupu, hajui pa kuiweka. Kambi alipanda, akazikata kamba zote zilizofunga ua la mnazi, akashuka na kibuyu kikavu. Mnazi unaogemwa hauzai, na huu wa baba yake ulikuwa haujazaa nazi tangu ujana wa baba huyo.

"Tsawe, sasa tutaonja nini?"

"Dafu."

"Lini?"

"Litakapopenda lenyewe. Wewe njoo tu, mayo, kama kawaida."

Akaja. Minazi mingine Kambi aliendelea kuigema, maana ndiyo kazi yake, lakini saa ile walikaa tu chini ya mnazi wa baba, wakaongea habari za shule, na siku nyingine hawakuwa na la kuongea. Mwezi wa tano Kahaso alikuja akilia, akasema Jumapili alikunywa kwa rafiki yake. Kambi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa juu ya mti. Hakumfokea. Alimwambia habari za darasa la saba, zote, ambazo hata marehemu mkewe hakuwahi kuzisikia.

Krismasi ilipokaribia, dafu la kwanza likawa tayari. Kambi alilishusha polepole, magoti yakimlalamikia, akalikata kwa kotama, kisu chake cha kugemea, na kumimina maji yake kwenye kata. Kwa mazoea akamnyooshea Kahaso.

Kahaso akairudisha kwake kwa mikono miwili. "Onja wewe kwanza, tsawe. Uniambie."

Mzee akaonja. Akakunja uso. "La leo zuri," alisema, akakawia kuirudisha kata, maana tangu baba yake afe hakuna aliyewahi kumuuliza.