Ukuta Mtupu wa Jumamosi

Jumamosi asubuhi kaka yangu aliing'oa lenzi ya projekta, akaitia mfukoni, akaja kuniambia eti mashine imekufa. Uso mkavu kabisa! Kana kwamba mimi sina macho ya kuona tundu tupu mbele ya mashine niliyokua nayo.

Ukumbi ule wa sinema ulikuwa wa baba. Yeye aliendesha mashine, na kwa kuwa filamu zote zilikuja kwa lugha za watu, mama alisimama kando ya ukuta mweupe akitusimulia kila kitu kwa sauti yake. Mama alipochoka, nikasimama mimi. Sasa wote wawili hawapo, na kaka amepata mtu anayetaka kuugeuza ghala la saruji. Nikagoma. Saruji, pale aliposimama mama? Thubutu! Ndipo baba mdogo akatuketisha. "Jumamosi fungueni," akasema. "Watu wakija na wakakaa mpaka mwisho, ukumbi hauuzwi. Wakiondoka, uuzeni, na nisisikie kelele tena."

Watu wakaja. Fundi cherehani alikuja na mkewe, muuza mkaa alikuja hata hajanawa uso. Baba mdogo akakaa benchi la mbele. Kaka akabaki mlangoni, mikono mfukoni, anatabasamu. Ningeweza kumuumbua palepale, lakini sikutaka aaibike tu. Nilitaka ashindwe.

"Mashine imekufa," nikatangaza.

Watu wakaguna. Muuza mkaa akainuka aende zake.

"Wewe, kaa chini! Imekufa mashine, mimi nimekufa?"

Wakacheka, akakaa. Nikafunga madirisha, nikasimama mahali pa mama, nikaanza kusimulia filamu ya jambazi wa jicho moja, ile iliyorudiwa hapa mpaka mkanda ukachakaa. Ukuta mtupu nyuma yangu. Kusema kweli niliogopa. Lakini kila nilipotazama mlangoni, hasira ilinirudishia sauti.

Treni ilipoingia mjini, fundi cherehani akapiga mluzi wake. Risasi zilipoanza, muuza mkaa akagonga benchi kwa ngumi. "Geuka nyuma, mjinga wewe!" wakamfokea polisi wa kwenye filamu, kama zamani. Hakuna aliyeondoka.

Nikafika darajani. Hapo jambazi humfungua farasi wake, humwambia aende zake, ndipo huvuka peke yake. Utotoni kaka alikuwa akilia hapo kila mara, uso kwenye kanga ya mama aliyesimama akisimulia. Basi nikamruka farasi, kwa makusudi kabisa.

"Jambazi akavuka daraja," nikasema.

"Umeruka!" Sauti ilitoka mlangoni. "Farasi je? Hawezi kuvuka kabla hajamfungua farasi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Baba mdogo naye akageuka, taratibu, akamtazama. Kaka akafumba mdomo, lakini wapi, alishachelewa.

"Basi njoo umfungue wewe," nikamwambia.

Akaja. Alipita katikati ya mabenchi, macho chini, na aliponifikia akanitia kitu kizito, cha baridi, kiganjani. Lenzi. Nikaifumbata, nikasogea kando kumpisha mahali pa mama.

"Simulia," nikasema. "Na ukilia, lia kwa nguvu, wa nyuma wasikie."