Malkia Mweusi Ameazimwa

Sanduku la sataranji lilipoletwa maktaba, Bi Mhuri alilitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi sebuleni. Jina hilo walimpa wasomaji, maana kwa miaka kumi na saba hakuna kitu kilichopita juu ya dawati lake bila kugongwa mhuri. Mkuu wa maktaba alimweleza kwa kifupi: hii ni Pembe ya Michezo, inajaribiwa miezi mitatu. Watu wakija, itaongezwa michezo mingine. Ikipotea kete moja tu, sanduku linakwenda stoo na habari imeishia hapo. Mkuu mwenyewe hakuitaka hiyo michezo. Amri ilitoka juu, naye alikuwa anaisubiri ijikwae.

Bi Mhuri akafanya anachokijua. Kitabu kikiingia maktaba hupewa namba, kadi na mfuko. Kete zilikuwa thelathini na mbili, basi naye akaandika kadi thelathini na mbili, na chini ya kila kete akagonga mhuri mdogo. Mwenzake wa zamu ya asubuhi alicheka hadi akashika meza.

"Sasa mtu akitaka kuazima farasi mmoja?"

"Nani mwenye akili hizo?" akajibu Bi Mhuri, huku anapuliza wino ukauke.

Haikupita muda, watu wakaanza kuja. Chumba kile kilikuwa kimezoea wanafunzi wa msimu wa mitihani na wazee wawili wa gazeti. Sasa wachezaji walikuwa wawili na washauri kumi na watano. Alikuwepo mwalimu mstaafu, ambaye akishindwa husema alikuwa anakufundisha. Alikuwepo kinyozi wa jirani, aliyeacha watu na vichwa nusu ili aje kuona nani kamla nani. Bi Mhuri alianza kwa kuwanyamazisha. Wiki ya tatu alikuwa amesimama nyuma yao, shingo ndefu.

"Mbona huyu farasi anawaruka wenzake?"

"Ndiyo kazi yake, Bi Mhuri."

"Na nani kampa ruhusa?"

Aliipenda ile pembe, wala hatufichani. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, saa kumi ikifika alikuwa anasikitika kufunga mlango.

Ndipo Jumatano ya wiki ya mwisho, siku mbili kabla ya Mkuu kuja kukagua, akahesabu kete akapata thelathini na moja. Akahesabu tena. Malkia mweusi hayupo. Akapiga magoti chini ya meza, akakung'uta mapazia, akapekua mpaka ndoo ya mfagiaji. Alipoishiwa pa kutafuta, akafungua droo ya kadi. Kadi ya malkia mweusi ilikuwa imekaa mahali pake, imejazwa vizuri: ameazimwa, atarudishwa Jumatano ijayo.

"Umemwazimisha malkia?" akamgeukia mwenzake.

"Ana namba, ana kadi, ana mfuko. Ningemnyima kwa sheria ipi? Wewe ndiye uliyemwandikisha."

Bi Mhuri akairudia droo. Akapekua kadi nyingine, na macho yakamtoka. Msomaji huyohuyo alishaazima askari mmoja kwa wiki mbili, akarudisha. Kisha farasi, wiki mbili, akarudisha. Siku hizo kete ilipopungua, washauri waliweka kizibo cha soda wakaendelea kucheza bila kumwambia mtu. Kazi yake iliandikwa: seremala, na chini yake anwani. Seremala anataka nini na malkia mmoja? Kete moja haichezeki, hailiwi, haiuziki. Swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hofu ya Ijumaa ilikuwepo, lakini udadisi ndio uliomtoa nyumbani kesho yake jioni.

Karakana ilikuwa nyuma ya soko la mbao, na nyumba imeungana nayo. Alipopiga hodi akakaribishwa na mwanamke mwenye futi ya fundi cherehani shingoni.

"Karibu ndani, mama. Umeleta nguo?"

"Hapana, dada. Nimemfuata malkia."

Seremala akatokea na vumbi la mbao kwenye nyusi, malkia mweusi mkononi. Alipomtambua Bi Mhuri, uso ukamshuka.

"Sijachelewa, Bi Mhuri. Ni Jumatano ijayo."

"Najua. Nimekuja kuuliza tu. Unamfanyia nini?"

Akaona haya kidogo, kisha akampeleka kwenye benchi lake la kazi. Palikuwa na askari kumi na sita wa mbao, farasi wanne, na malkia mmoja ambaye bado hajapata kichwa.

"Nilikuja kwenu kutengeneza kiti," alisema. "Nikawaona wale watu wawili wameinamiana, wanatazamana, wanacheka. Hapa kwetu watoto wamekwenda na maisha yao. Tumebaki sisi wawili na redio. Nikasema nichonge kitu kitakachotufanya tutazamane. Sasa kuchonga kwa kubahatisha siwezi, na mwanachama mpya mnamruhusu kuazima kitu kimoja tu. Maumbo ni sita. Nikapiga hesabu, wiki kumi na mbili. Si nyingi."

"Na wala hatujasubiri zikamilike," mkewe akadakia. "Kila jioni tunacheza na hizo zilizopo. Nimeshamfunga mara tisa."

"Kwa sheria zako mwenyewe," alisema seremala.

"Sheria ni sheria. Kaa, mama, nikuonyeshe."

Bi Mhuri akakaa. Akashindwa mara mbili, akacheka mpaka machozi, akarudi kwake bila malkia. Njiani ndipo alipokumbuka alichoendea. Kumnyang'anya msomaji kitu ambacho siku yake haijafika lilikuwa jambo asilowahi kulifanya, na hakuona sababu ya kuanza sasa.

Ijumaa saa tano Mkuu akaja na orodha.

"Malkia mweusi?"

"Ameazimwa." Akampa kadi.

Mkuu akaisoma mbele na nyuma. "Mchezo bila malkia ni pungufu. Na pungufu kwangu mimi ni kupotea."

"Lakini Mkuu, kanuni ya saba ni yako mwenyewe. Kilicho mikononi mwa msomaji hakihamishwi stoo mpaka kirudi."

"Vizuri. Basi malkia abaki huko aliko, na hawa thelathini na moja waende stoo. Saa kumi nakuja na ufunguo."

Akapanda ngazi. Bi Mhuri akajifanya anapanga kalamu. Mwalimu mstaafu akainuka taratibu, akaja dawatini na kadi yake ya uanachama.

"Mimi ni mwanachama wa siku nyingi. Naruhusiwa vitu vitatu, au sivyo?"

"Vitatu, Mwalimu."

"Naomba mfalme mweupe, mfalme mweusi, na yule farasi anayenionea."

Bi Mhuri akamtazama. Kisha akashika mhuri.

Kinyozi akachukua ngome mbili na askari mmoja, akakimbia kuwaita wateja wake. Mmoja alikuja na shuka bado shingoni, akajiandikisha uanachama, akaondoka na askari. Wazee wa gazeti, ambao hawakuwahi kuugusa mchezo ule, walichukua maaskofu. Mwenzake wa asubuhi alikuwa anajaza kadi, Bi Mhuri anagonga, mpaka kifundo cha mkono kikauma. Saa kumi kasoro dakika tatu foleni ikaisha. Juu ya dawati alibaki askari mmoja mweupe, na nyayo za Mkuu zilikuwa zinasikika kwenye ngazi.

Msomaji mwingine hakuwepo. Bi Mhuri akavuta fomu, akaanza kuandika jina lake mwenyewe. Palipoandikwa "mwanachama tangu" kalamu ikasita. Miaka kumi na saba anawaazimisha watu, na yeye hakuwahi kutoka na kitu. Akaandika tarehe ya leo, akagonga, akamtia askari kwenye mkoba.

Mkuu alifungua sanduku akakuta ubao mtupu. Akachukua daftari la kuazima, akafuata mistari kwa kidole hadi wa mwisho, penye jina la mtumishi wake. Hapo kidole kikatulia.

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili, Mkuu. Nikiwa mpya naruhusiwa kimoja."

Akalifunga daftari, akaurudisha ufunguo mfukoni, akapanda ngazi.

Jumamosi asubuhi mwalimu mstaafu alifika wa kwanza, akafungua kitambaa, akaweka wafalme wake. Wakaanza kuingia mmojammoja, kila mtu na kete yake mfukoni. Seremala alikuja na mkewe, malkia amefungwa kwenye kipande cha kanga. Ubao ukajaa, ukabaki mraba mmoja. Wakatazamana, wakauliza nani hajafika.

"Nipisheni," alisema Bi Mhuri, anafungua mkoba wake. "Huyo ni wangu. Na leo nacheza mimi."