Barafu ya Alhamisi

Dada yangu Jikke hakuogopa saratani. Aliogopa kisu. Siku alipoambiwa ana uvimbe wa sentimita tatu kwenye titi la kushoto, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama titi litabaki.

"Nimekaa nalo tangu usichana," alisema. "Nalitaka. Lazima nitoe sababu?"

Daktari Geelen, mpasuaji wetu, ni mtu wa kusini kwenye vilima, na maneno yake ni ya kupima. Alisema linaweza kubaki. Saratani ya Jikke ilikuwa ya ile aina ambayo ina dawa zake za kuilenga, zinazozitafuta seli mbaya na kuzing'ang'ania. Angepewa mbili za namna hiyo pamoja na kemo, dozi sita, moja kila wiki tatu. Uvimbe ukishasinyaa angekatwa kipande kidogo tu.

"Ila kabla ya dozi ya kwanza tunaweka kichuma katikati ya uvimbe," alisema. "Ni kidogo kuliko punje ya mchele. Dawa hizi zikikubali, uvimbe unaweza kupotea kabisa, na bila kichuma sitajua pa kukata."

Miadi ya kichuma ikawa Alhamisi saa nne asubuhi, na dozi Jumatatu yake. Jikke aliiandika kwa wino kwenye kalenda anayoitundika chooni, akaipigia mstari mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake, na namba yangu ya simu ndiyo iliyokuwa kwenye faili.

Kisha ikaganda. Asiyezaliwa huku Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, asinihukumu, au anihukumu, shauri yake. Ilikuwa miaka tisa mifereji haijaganda ikakubali kubeba watu. Jumatano mchana wakatangaza kwamba mzunguko wa kuteleza kwenye barafu kupitia vijiji sita utafunguliwa kesho yake, siku hiyo moja tu, maana Ijumaa mvua ilikuwa inakuja. Shule zikafungwa. Fundi aliyekuwa juu ya paa la jirani akateremka na kuliacha wazi. Marehemu baba alituahidi mzunguko ule tangu tukiwa wadogo, na hakuwahi kutupeleka. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeshamzika dada yangu moyoni. Nilikuwa nikimtazama na kuona mtu ambaye hataifikia barafu nyingine.

Jikke si mtu wa kuvunja miadi. Kwa hiyo niliivunja mimi. Nikapiga simu hospitali nikasema naitwa Jikke. Wakaniuliza tarehe ya kuzaliwa tu, nikaitaja.

"Naomba kuahirisha ile ya kesho," nikasema.

"Kuna nini, mama?" muuguzi aliuliza.

"Barafu."

Akaangua kicheko. "Usinitie wivu! Mimi niko zamu hapa, nachungulia dirishani tu kama mfungwa. Sasa, daktari alitaka kiwekwe kabla ya dozi. Lakini nafasi ya karibu ni baada ya wiki tatu. Itakuwa sawa?"

"Sawa," nikasema. Sikuuliza chochote.

Hapohapo nikampigia Jikke. "Hospitali wamenipigia. Mashine imeharibika, wamesogeza mbele."

"Imeharibika? Na dozi je?"

"Dozi iko palepale. Dada, usianze. Unakuja barafuni au huji?"

Nikamsikia akifungua kabati. "Viatu vya mama vya kutelezea vinanibana."

"Basi vaa soksi nyembamba, na uache kudeka."

Tuliteleza kuanzia alfajiri hadi jua lilipozama, tukigongesha kadi zetu mihuri kijiji baada ya kijiji. Kwenye daraja la nne, ambalo lazima uiname kupita chini yake, Jikke alianguka kwa makalio na kubaki ameketi barafuni, akicheka mpaka watu wakasimama kumwangalia. Kwenye kibanda alikunywa bakuli mbili za supu ya njegere. Jioni tukapewa medali. Alinishika shavu akasema, "Ile mashine yao na iharibike kila mwaka." Nikacheka naye.

Dozi ya kwanza ilimwangusha kwa homa, na miadi ya kichuma ikasogezwa tena. Dozi ya pili ikapita. Alipolala hatimaye kwenye kitanda cha altrasaundi, daktari wa picha alipitisha kifaa juu ya titi kwa dakika arobaini. Jeli ikakauka, akapaka nyingine. Mwishowe akasema, "Siuoni."

Jikke, kipara chake kikimeta, alipiga makofi palepale alipolala. "Umekwenda! Wytske, umesikia? Umekwenda!"

Nilikuwa mlangoni nimeshika koti lake. Nikalikunja mara mbili.

Ofisini kwake Geelen hakuzunguka mbuyu. "Dawa zimefanya kazi kuliko nilivyotarajia, na sasa sijui uvimbe ulikuwa wapi hasa. Picha za mwanzo zinanionyesha upande, hazinionyeshi mahali. Ukimaliza dozi nitaliondoa titi lote."

"Lakini humo hamna kitu!" alisema Jikke.

"Pengine hamna. Pengine zimebaki seli chache, na sijui nizitafute wapi."

"Mashine yenu ndiyo iliyoharibika, siyo mimi niliyeahirisha."

Geelen akaigeukia kompyuta. "Hapa imeandikwa ulipiga mwenyewe, Jumatano, saa nane na dakika ishirini. Sababu, barafu." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mlikwenda kuteleza?"

Jikke aligeuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alimwambia daktari. "Nilipiga mimi."

Ndani ya gari nilianza, "Dada, mimi..."

"Endesha," alisema.

Walimkata titi mwezi wa Julai. Siku kumi baadaye Geelen alitusomea majibu: katika titi zima hawakukuta hata seli moja ya saratani. Alisema hakuna majibu mazuri kuliko hayo. Akampa Jikke mkono, hongera. Halafu akanigeukia na mimi, kama tunavyofanya huku, ambako ndugu naye hupongezwa. "Hongera kwa dada yako."

Niliupokea mkono wake. Jikke alikuwa anafunga vifungo vya blauzi, taratibu, kimoja kimoja.

Ningeshukuru kama angenitukana. Hakunitukana. Aliendelea kuja kwangu kunywa kahawa, anakula biskuti yake moja, anauliza habari za paka.

Majira ya baridi yaliyofuata mifereji iliganda tena, nani angeamini. Niliyemzika moyoni alikuwa mzima, nywele zimeota, nyingi kuliko hata zamani. Nilimpigia kabla sijavua nguo za kulalia.

"Dada, barafu imekubali. Nije nikuchukue?"

"Siwezi leo," alisema. "Hospitali wamenipigia. Wamesogeza miadi yangu."

"Sawa," nikasema. "Basi siku nyingine."

Ilikuwa Jumapili, siku ambayo hospitali haipangi miadi.